Maleba Si Pambo: Vazi Jeupe la Baleti ya Ulaya na Hukumu Dhidi ya Emma Livry

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa sanaa za maonyesho una mazoea ya kuyaweka maleba mwishoni. Mhakiki huanza na hadithi, akaja kwa watendaji, akapitia muziki na miondoko, na karatasi inapokaribia kwisha ndipo anapokumbuka kuyataja mavazi katika aya moja: yalipendeza, yaliwaafiki wahusika, yalisaidia kujenga mandhari. Kwa mtazamo huo, maleba ni pambo, na pambo laweza kuondolewa pasipo mwili wa sanaa kudhurika.

Makala haya yanapinga mazoea hayo kwa kutumia mfano wa baleti ya Ulaya Magharibi, hasa ya Paris, baina ya mwaka 1832 na 1863. Mwanafunzi wa sanaa za maonyesho hufundishwa mapema kwamba onyesho haliwi onyesho bila ya dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea na mtazamaji. Inadaiwa hapa kwamba katika baleti ya kipindi hicho mambo hayo manne yalikutana mahali pamoja, nako ni kwenye vazi la mchezaji. Kwa kuwa yalikutana hapo, hapo ndipo pia gharama ya sanaa ile ilipolipwa.

Suala hili si la mitindo ya nguo tu. Mchezaji Emma Livry alifariki mwaka 1863 kutokana na majeraha ya moto ulioanzia kwenye sketi yake. Tangu wakati huo amekuwa akielezwa mara kwa mara kama mtu aliyejitakia: alipewa kitambaa kisichoshika moto, akakikataa kwa sababu hakikupendeza. Hukumu hiyo inasimama tu iwapo vazi ni pambo. Ikiwa vazi si pambo, kesi yote haina budi kusikilizwa upya.

2.0 Vazi na Dhana

Tarehe 12 Machi 1832, katika ukumbi wa Opera ya Paris uliokuwa mtaa wa Le Peletier, ulionyeshwa kwa mara ya kwanza mchezo uitwao La Sylphide. Miondoko ilibuniwa na Filippo Taglioni, na mhusika mkuu alichezwa na binti yake, Marie. Hadithi ni fupi. James, kijana wa Uskochi, anaiacha harusi yake ili kumfuata kiumbe wa hewani mwenye umbo la msichana na mabawa madogo mgongoni.

Vazi alilovaa Marie Taglioni, ambalo kwa kawaida huhusishwa na mchoraji Eugène Lami, lilikuwa na kizibao kilichobana kiuno na kuyaacha mabega wazi. Chini yake ilikuwapo sketi yenye umbo la kengele, iliyofika nusu ya muundi, ya kitambaa cheupe chepesi mfano wa shashi, tabaka juu ya tabaka. Miguuni alivaa viatu laini vya atlasi vilivyotiwa nyuzi pembezoni mwa ncha. Kiatu chenye ncha ngumu kinachojulikana leo kilikuwa bado hakijapatikana. Aliposimama juu ya vidole, Taglioni alisimama kwa nguvu za misuli na kwa mazoezi makali aliyopewa na baba yake.

Wahakiki waliozoea kulinganisha fani na kikombe, na maudhui na chai iliyomo, watapata taabu mbele ya vazi hili. Dhana ya mchezo ni kiumbe asiye na uzito, anayeonekana lakini hashikiki. Dhana hiyo haikusemwa kwa maneno, maana baleti haina maneno. Ilisemwa na kitambaa. Mchezaji aliporuka, sketi ilipanda pamoja naye. Alipotua, sketi ilichelewa kushuka, na katika kuchelewa huko mtazamaji aliamini kuwa mwili nao ulikuwa bado uko angani. Kitambaa kikiondolewa, au kikibadilishwa kwa kizito zaidi, chai haibaki ikingoja kikombe kingine. Anabaki mwanamke aliyefunzwa vizuri, anayeruka na kurudi chini kama warukavyo na kurudi watu wote.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba hadithi zenyewe zilitambua nguvu ya kitambaa. Katika La Sylphide, James anapewa shali na mchawi Madge. Anapomfunga nayo kiumbe wake, mabawa yanadondoka na kiumbe anakufa. Katika Giselle, mchezo uliotolewa kwa mara ya kwanza tarehe 28 Juni 1841 huku Carlotta Grisi akiwa mhusika mkuu, sehemu ya pili imejaa mizimu ya maharusi waliofariki kabla ya ndoa, nao wamevaa nyeupe ya harusi ambayo ni nyeupe ya sanda pia. Katika Le Papillon ya mwaka 1860, mchezo pekee mkubwa uliobuniwa na Marie Taglioni mwenyewe, kwa muziki wa Jacques Offenbach, msichana Farfalla aliyegeuzwa kipepeo anavutwa na mwenge hata mabawa yake yanaungua. Jukwaani, moto huo unaondoa uchawi na kumrudishia utu wake. Aliyeicheza nafasi ya Farfalla alikuwa Emma Livry.

Mkondo wa fikra uliozaa michezo hii huitwa na baadhi ya wahakiki wa Kiswahili ulimbwende. Istilahi hiyo imelalamikiwa kwamba inakumbusha mno mapenzi ya kujipamba. Kwa upande wa baleti, hata hivyo, istilahi imegonga penyewe. Ulimbwende wa fikra, yaani hamu ya kuikimbia dunia ya kila siku, haukuweza kutenganishwa na ulimbwende wa nguo.

3.0 Vazi na Mtazamaji

Ni kawaida kuelezwa kwamba vazi jeupe la baleti lilikuwa kinyume cha dunia: roho dhidi ya mwili, mbingu dhidi ya soko. Maelezo hayo hayatoshi. Kiuno kilichobanwa, mabega yaliyo wazi na sketi iliyotanuka kama kengele havikuletwa na viumbe wa hewani. Hivyo ndivyo walivyovaa wanawake wenye uwezo walioketi ukumbini, waliporudi kutoka dansi au walipokuwa wakielekea huko. Hata nywele za Taglioni, zilizogawanywa katikati na kulazwa juu ya masikio, zilifanana na za wanawake hao.

Mkopo ulikwenda pande zote mbili. Nchini Uingereza koti moja la kiume lilipewa jina la Taglioni. Picha zilizopigwa chapa kwa jiwe ziliwaonyesha wachezaji wakigusa ua kwa ncha ya kidole bila kulikunja, na zikauzwa kwa watu ambao pengine hawakuwahi kuingia Opera. Taglioni, Grisi, Fanny Cerrito na Lucile Grahn walipocheza pamoja Pas de Quatre jijini London tarehe 12 Julai 1845, picha ya onyesho hilo ilienea mbali kuliko onyesho lenyewe.

Sketi za nje ya jukwaa nazo ziliendelea kupanuka. Katika miaka ya 1840 zilitegemea magagulo mengi, mojawapo likiwa la kitambaa kigumu kilichofumwa kwa singa za farasi; neno la Kifaransa la singa hizo ndilo lililozaa jina krinolini. Kuanzia mwaka 1856 mzigo wa magagulo ulipunguzwa na tundu la pete za chuma, lililoiwezesha sketi kutanuka kupita kiasi huku ikibaki nyepesi. Fundi Charles Frederick Worth alipofungua duka lake jijini Paris mwaka 1858, na Malkia Eugénie akawa mteja wake, umbo la kengele lilikuwa limekwisha kuwa alama ya hadhi ya mwanamke.

Kwa hiyo mtazamaji wa Opera alimwona mwanamke yuleyule mara mbili. Ukumbini alimwona akiwa amefunikwa na kuzuiwa. Jukwaani aliliona umbo lilelile likiwa limeondolewa uzito, limefupishwa na kumulikwa. Hata Fanny Elssler, aliyesifiwa kuwa kinyume cha Taglioni kwa kuwa uchezaji wake ulikuwa wa ardhini na wenye joto la damu, aliingia mioyoni mwa watu mwaka 1836 kwa mchezo wa Kihispania uitwao Cachucha na kwa vazi lake la atlasi ya waridi lenye lesi nyeusi. Roho ilikuwa na nguo yake, na mwili ulikuwa na nguo yake. Zote mbili zilikuwa na wanunuzi.

Wanunuzi hao hawakuishia kununua picha. Louis Véron, aliyeiongoza Opera kuanzia 1831 hadi 1835 kama biashara, aliwafungulia watazamaji wateule waliolipia msimu mzima chumba ambamo wachezaji walinyoosha viungo kabla ya kupanda jukwaani. Wasichana wengi wa safu za nyuma walitoka katika familia maskini na mishahara yao ilikuwa midogo. Mwungwana aliyemfadhili msichana aliweza kumwinua, na aliweza pia kumwacha. Waswahili husema mcheza kwao hutuzwa. Paris ilituza pia, lakini tuzo yake ilikuwa na mwenyewe, naye aliketi mbele akitazama jinsi sketi inavyopanda.

Weupe wa vazi ulikuwa na historia nyingine ambayo jukwaa halikuionyesha. Mwanzoni mwa karne hiyo Mwingereza John Heathcoat alibuni mashine ya kufuma kitambaa cha wavu ambacho hapo awali kilifumwa kwa mkono, na viwanda vya Ulaya vikaweza kutoa vitambaa vyepesi kwa wingi. Kufikia katikati ya karne, sehemu kubwa ya pamba ya viwanda hivyo ilitoka katika mashamba ya watumwa ya kusini mwa Marekani. Pamba ya nchi hiyohiyo ilifika Unguja ikiwa imefumwa kuwa nguo nzito, isiyopaushwa, na jina lake, merikani, limebaki katika Kiswahili mpaka leo. Melimeli ya kiumbe wa hewani na merikani ya mchukuzi wa pwani zilikuwa ndugu wa mbali, ingawa moja iliitwa ndoto na nyingine bidhaa.

4.0 Vazi na Uwanja

Kitambaa cheupe hakisemi kitu gizani. Baleti ya kilimbwende isingewezekana bila ya gesi, iliyotumika Opera ya Paris kuanzia mwaka 1822. Mshumaa na taa ya mafuta viliwaka kwa namna moja. Gesi iliweza kuongezwa na kupunguzwa. Mnamo Novemba 1831, katika opera ya Meyerbeer iitwayo Robert le diable, mizimu ya watawa wa kike iliinuka makaburini chini ya mwanga uliofanana na wa mbalamwezi, ikiongozwa na Marie Taglioni. Miezi minne baadaye ikaja La Sylphide. Shashi na gesi zilizaliwa pacha katika sanaa hiyo: gesi iliipa shashi uhai, na shashi iliipa gesi kitu cha kumulika.

Lakini ndimi za gesi ziliwaka wazi, pembeni na mbele ya jukwaa, na kitambaa chepesi chenye hewa katikati ya tabaka zake ni kuni bora. Tarehe 14 Desemba 1844, katika ukumbi wa Drury Lane jijini London, sketi ya Clara Webster ilishika moto mbele ya watazamaji. Alifariki siku tatu baadaye. Mnamo Septemba 1861 moto ulizuka katika ukumbi mmoja wa Philadelphia na kuwaua wachezaji kadhaa, wakiwamo dada wa familia moja, akina Gale. Nje ya kumbi za michezo hali haikuwa tofauti. Mke wa mshairi Longfellow alifariki mwaka huohuo wa 1861 baada ya nguo yake kuwaka nyumbani. Kanisa moja la Santiago, Chile, lilipoungua Desemba 1863 na kuua zaidi ya watu elfu mbili, wengi wao wanawake, sketi pana zilitajwa miongoni mwa sababu zilizozuia watu kutoka.

Hatari, basi, haikuwa siri. Wala haikukosa dawa. Mkemia Gay-Lussac alikwisha kuonyesha mwaka 1821 kwamba vitambaa vilivyotiwa chumvi fulani, kama vile fosfati ya amonia na boraksi, havienezi moto. Baina ya ugunduzi huo na amri ya serikali ya Ufaransa iliyotolewa Novemba 1859, iliyotaka mandhari na maleba ya kumbi za michezo yatiwe dawa kwa njia ya mtu aitwaye Carteron, ilipita miaka thelathini na minane.

5.0 Vazi na Mtendaji

Emma Livry alizaliwa mwaka 1842, na mama yake alikuwa mchezaji wa Opera. Alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1858, akiwa na umri wa miaka kumi na sita, katika La Sylphide. Marie Taglioni, aliyekuwa amekwisha kustaafu, alirudi Paris, akavutiwa naye, akamfundisha na kumtungia Le Papillon. Kwa watu waliokuwa wakiomboleza kwisha kwa baleti ya kilimbwende, msichana huyo alikuwa mrithi aliyengojewa.

Kitambaa kilichotiwa dawa ya Carteron kilikuwa kigumu na kilichofifia. Weupe wake uliingia uchafu, na sketi haikuinuka. Mwaka 1860 Livry alimwandikia mkurugenzi wa Opera kwamba angecheza maonyesho ya kwanza kwa sketi yake ya kawaida, na kwamba alichukua juu yake dhamana ya lolote litakalotokea. Tarehe 15 Novemba 1862, wakati wa mazoezi ya opera ya Auber iitwayo La Muette de Portici, ambamo alikuwa na nafasi ya msichana bubu, sketi yake iligusa mwali wa gesi. Alikimbia jukwaani akiwaka kabla ya kuokolewa. Aliishi miezi minane katika maumivu, akafariki tarehe 26 Julai 1863, hajatimiza miaka ishirini na mmoja.

Barua ile ndiyo ushahidi mkuu wa wanaomlaumu. Hata hivyo, ikisomwa kwa makini, inawashitaki wengine zaidi. Amri ya 1859 haikuwa ombi. Mandhari ya jukwaa hayakuulizwa kama yanapenda kutiwa dawa; yalitakiwa kutiwa. Mchezaji peke yake ndiye aliyeachwa aamue, naye alikuwa msichana wa miaka kumi na minane ambaye riziki na jina lake vilitegemea sketi inavyopanda. Mkurugenzi aliyeipokea barua alikuwa na uwezo wa kukataa. Hakukataa, kwa sababu yeye pia alijua kuwa watazamaji hawakulipa ili kuona kitambaa kigumu. Barua haikuiondoa hatari. Iliihamisha dhamana kutoka kwa taasisi iliyofaidika na kuiweka juu ya mtu aliyeungua.

Yupo atakayesema kwamba kumwondolea Livry lawama ni kumwondolea pia uhuru wake, na kumfanya mtoto asiyejua atendalo. Pingamizi hilo lina uzito na halifai kupuuzwa. Jibu lake ni kwamba Livry alijua vizuri sana alitendalo. Wasiojua ni waliomhukumu. Wao waliona kwamba alichagua urembo badala ya uhai. Yeye alijua kwamba kiumbe wa hewani akivaa sketi ngumu, La Sylphide haipo tena. Uamuzi wake ulikuwa wa kihakiki: aliisoma fani ya sanaa yake kwa usahihi kuliko waandishi wa magazeti na kuliko maofisa waliotunga amri. Mtu aweza kuuona uamuzi huo kuwa wa hatari bila ya kuuona kuwa wa kipuuzi.

Tena ipo hoja ambayo mjadala wa kitambaa umeifunika. Moto ulihitaji vitu viwili, kitambaa na mwali. Kwa nini kilichotakiwa kubadilika kilikuwa kitambaa? Taa ingeweza kusogezwa, kuinuliwa au kuzungushiwa wavu wa waya. Kwa kuwa vazi lilihesabiwa kuwa pambo la mwanamke, na taa ilihesabiwa kuwa chombo cha kazi, ilionekana ni rahisi kumwomba mwanamke apunguze urembo kuliko kuitaka taasisi ipange upya jukwaa lake. Hapo ndipo kosa la uhakiki lilipogeuka kosa la utawala. Hata baada ya Livry kuungua, baadhi ya wachezaji waliendelea kuzikataa sketi zenye dawa, na jambo hilo likatajwa kuwa ukaidi. Kumbe walikuwa wakiulizwa swali lilelile baya, nao wakatoa jibu lilelile.

Ukumbi wa mtaa wa Le Peletier uliteketea mwezi Oktoba 1873. Kuanzia mwaka 1881 taa za umeme zilianza kuingia katika kumbi kubwa za Ulaya, na vazi jeupe likaanza kuwa salama. Sketi ilizidi kufupishwa, lakini wepesi wake haukuachwa, na mpaka leo haujaachwa. Kilichobadilika ni taa. Historia yenyewe, kwa hiyo, imekwisha kutoa uamuzi kuhusu kipi kilikuwa msingi wa sanaa ile na kipi kilikuwa kifaa tu.

6.0 Hitimisho

Mfano wa baleti ya katikati ya karne ya 19 unaonyesha kwamba maleba hayana budi kutolewa katika aya ya mwisho ya uhakiki na kuwekwa mahali panapostahili. Haitoshi kuuliza kama vazi lilimwafiki mhusika. Inapasa kuuliza dhana gani isingeweza kusemwa bila ya vazi hilo. Lilionekana kwa mwanga wa namna gani, na mwanga huo ulikuwa na madhara gani. Lilimpendeza nani, naye alilipa nini kwa ajili hiyo. Na mwili uliolivaa ulilipa nini. Maswali hayo hayahusu Paris peke yake. Yanafaa kuulizwa mbele ya kila uwanja ambako mtu huvishwa ili atazamwe, na mtafiti wa ngoma au tamthilia za Afrika Mashariki atayakuta yakimngoja hukohuko aliko.

Kwa upande wa Emma Livry, haki inayowezekana sasa ni ya maandishi tu. Mabaki machache ya vazi lake yamehifadhiwa katika makumbusho ya Opera ya Paris: vipande vya kitambaa vilivyoungua. Atakayeviona kuwa masalia ya pambo atairudia hukumu ya zamani. Atakayekumbuka kuwa ndivyo vilivyobeba dhana ya mchezo, mwanga wa jukwaa na matakwa ya ukumbi mzima, hatamuuliza tena marehemu kwa nini alivivaa. Atawauliza waliokuwa na mamlaka juu ya taa.